iPhone 11 iliyotumika au Samsung Galaxy A16 mpya: ipi inamfaa muuza viazi wa Makete?

"Mtaalamu, habari za kazi. Ninanunua viazi kwa wakulima huku Makete na kuviuza kwa wateja wa Mbeya mjini na Dar es Salaam. Kila asubuhi napiga picha mzigo ukiwa shambani, nawatumia wateja kwa WhatsApp, kisha napokea malipo kwa M-Pesa na Airtel Money, kwa hiyo laini mbili ni lazima. Simu yangu ya sasa imechoka. Shemeji yangu anayekaa Mbeya amenitafutia iPhone 11 iliyotumika, GB 64, afya ya betri asilimia 82, kwa shilingi 600,000 pale Mwanjelwa. Anasema iPhone haizeeki, haiingii maji, na hata nikiichoka nitaiuza kwa bei nzuri. Duka jingine wana Samsung Galaxy A16 mpya, GB 128, kwa shilingi 450,000, na muuzaji anasema kamera yake ni megapikseli 50 wakati ya iPhone ni 12 tu. Rafiki zangu nao wananiambia Samsung za bei hiyo huwa nzito baada ya mwaka mmoja. Pia nasikia iPhone hujizima kwenye baridi, na huku kwetu Juni na Julai baridi si ya mchezo. Sitaki kutupa hela. Ninunue ipi?"

Ninavyolielewa swali lako, dada, unaogopa kutoa laki sita leo, halafu mwezi wa saba ukiwa shambani, mnunuzi wa Dar es Salaam akisubiri picha ndipo atume fedha, simu ikakuzimikia mkononi. Hofu hiyo ina msingi. Kwa kazi uliyoieleza na kwa mahali unapoishi, ningekushauri uchukue Samsung Galaxy A16, kwa sharti kwamba iwe na RAM, yaani kumbukumbu ya muda ambamo programu zilizofunguliwa hukaa, ya GB 6 au zaidi, na nitaeleza sharti hilo linatoka wapi. Zipo pia hali ambazo ningekuambia uchukue iPhone bila kusita, nazo nitazitaja, kwa sababu katika aliyoyasema shemeji yako kuna mambo ya kweli.

Watu wengi hulichukua swali la namna hii kama ushindani wa kampuni mbili, kisha wakabishana kuhusu majina. Wewe umewekewa mezani simu mbili mahususi. Moja ni ya toleo lililotoka Septemba 2019, na imetumiwa na mtu usiyemjua, kwa namna usiyoijua. Nyingine ni ya toleo lililoingia sokoni mwishoni mwa 2024, na boksi lake utalifungua wewe mwenyewe. Ukilinganisha prosesa peke yake, yaani chipu inayoendesha simu, A13 iliyomo ndani ya iPhone 11 bado ina nguvu kuliko Helio G99 ya A16, ijapokuwa ilitangulia kwa miaka kadhaa, na prosesa haichakai kwa matumizi ya kawaida. Hapo shemeji yako amesema kweli. Vinavyozeeka ndani ya simu ni betri, gundi na mipira inayozuia maji, na muda ambao mtengenezaji ataendelea kuipelekea simu programu mpya. Katika hivyo vitatu betri ndiyo kubwa, na kwa mtu wa Makete ina uzito wa pekee, kwa hiyo nitaikalia zaidi.

Betri za simu zote mbili ni za lithiamu. Ndani yake, chembe za lithiamu zenye chaji ya umeme, yaani ayoni, husafiri kutoka upande mmoja kwenda upande wa pili kupitia kimiminika, na safari hiyo ndiyo inayokupa umeme. Kadiri betri inavyochajiwa na kutumika, mabaki ya kemikali hujenga utando unaoendelea kuwa mnene, na matokeo yake ni mawili: kiasi cha chaji ambacho betri inaweza kuhifadhi hupungua, na ukinzani wa ndani huongezeka, yaani umeme hupata shida zaidi kutoka. Asilimia 82 uliyoonyeshwa inahusu jambo la kwanza tu. Apple yenyewe inaeleza kwamba betri za iPhone 14 na zilizotangulia zimetengenezwa ili zibaki na asilimia 80 ya uwezo wake baada ya mizunguko kamili 500 ya chaji katika mazingira mazuri, kwa hiyo betri ya asilimia 82 imekaribia mwisho wa umri uliokusudiwa. Fanya hesabu nyepesi: iPhone 11 ikiwa mpya ilikuwa na betri ya mAh 3,110 (mAh ni kipimo cha chaji ambayo betri inaweza kubeba), na asilimia 82 ya hiyo ni takriban mAh 2,550. A16 ina mAh 5,000. Ni kweli kwamba iPhone hutumia umeme kwa uangalifu, kwa hiyo usitarajie tofauti ya saa iwe mara mbili kamili, lakini kwa mtu anayeondoka nyumbani alfajiri na kurudi jioni, pengo hilo utaliona.

Sasa ongeza baridi. Kimiminika kilichomo ndani ya betri kikipoa, ayoni husafiri polepole, kama asali inavyogoma kutoka kwenye chupa asubuhi ya Julai ingawa chupa imejaa. Wewe unafungua kamera, kioo kinawaka, simu inatafuta mnara ili irushe picha, na vyote hivyo vinadai umeme mwingi kwa wakati mmoja. Betri iliyopoa, na ambayo uzee ulishaiongezea ukinzani, haiwezi kutoa umeme huo bila volti zake kushuka ghafla, na zikishuka chini ya kiwango ambacho prosesa inakihitaji, simu hujizima yenyewe. Ndiyo maana mtu huona asilimia 35, akabonyeza kamera, kioo kikawa cheusi. Kisha akaiweka mfukoni kwa muda, akaiwasha, na kukuta asilimia 30 na kitu zipo palepale. Chaji haikupotea, ilishindwa tu kutoka.

Kwa hiyo ulilolisikia kuhusu iPhone kujizima kwenye baridi ni kweli, ila linahusu kila simu yenye betri ya lithiamu, Samsung ikiwemo. Apple inapendekeza iPhone itumike mahali penye nyuzi joto kati ya 0 na 35, na asubuhi za Makete zenye sakitu kwenye nyasi ziko kwenye ukingo wa chini wa kiwango hicho au zimeuvuka. Tofauti ni kwamba betri changa ina ukinzani mdogo, hivyo baridi ileile inayoizima betri iliyochoka huipunguzia tu kasi betri mpya. Jambo hili la betri iliyochoka ni kubwa kiasi kwamba Desemba 2017 Apple ilikiri hadharani kuwa ilikuwa ikipunguza kasi ya baadhi ya iPhone zenye betri za zamani ili zisijizime ghafla, na mwaka 2018, kupitia iOS 11.3, toleo la mfumo unaoendesha iPhone, ikaweka ukurasa unaomwonyesha mtumiaji afya ya betri yake. Asilimia 82 uliyotajiwa inatoka kwenye ukurasa huo.

Simu yoyote utakayochukua, asubuhi za baridi ibebe kwenye mfuko wa ndani wa koti, karibu na mwili. Usiipashe kwenye jiko la mkaa wala usiiweke juu ya injini ya gari, kwa sababu joto la ghafla huiumiza betri kuliko baridi. Na kama imelala mahali palipoganda, iache kwanza ipate joto la chumba ndipo uichomeke chaji, kwani ukichaji betri iliyo chini ya nyuzi 0, lithiamu hujikusanya kama metali juu ya elektrodi, yaani upande wa betri unaoipokea, badala ya kuingia ndani yake, na madhara hayo hayaponi.

Unaweza kuniuliza kwa nini usinunue iPhone hiyo na kubadilisha betri. Inawezekana, na kwa iPhone nzuri ni uamuzi wa busara, lakini gharama hiyo uiongeze kwenye laki sita, na ujue kwamba betri isiyo ya Apple ikifungwa kwenye iPhone 11, simu huonyesha ujumbe kwamba imeshindwa kuithibitisha. Hapo pia pana mtego ambao ningependa uujue. Wapo mafundi wanaohamisha saketi ya betri ya zamani kwenda kwenye betri mpya ya bei rahisi, au wanaobadilisha namba kwa kifaa maalumu, ili ukurasa wa afya ya betri usomeke 100. Kwa simu ya mwaka 2019, mimi ningeitilia shaka zaidi ile inayoonyesha asilimia 100 kuliko hii yako ya 82, ambayo angalau inaelekea kusema ukweli.

Tuje kwenye kamera, ambako muuzaji wa Samsung amekupotosha, pengine bila kujua. Megapikseli 50 za A16 hazitoi picha iliyo bora mara nne. Kwa kawaida simu hiyo huunganisha vitone vinne kuwa kimoja ili ipate mwanga wa kutosha, na picha inayotoka huwa ya megapikseli 12 na ushee, yaani karibu sawa na ya iPhone. Kinachotofautisha picha ni ukubwa wa sensa, yaani sehemu ya kamera inayopokea mwanga, ubora wa lenzi, na jinsi programu inavyoichakata picha baada ya kupigwa, na katika hayo iPhone 11 bado iko mbele, hasa jioni, ndani ya ghala na kwenye video. iPhone 11 hurekodi video ya 4K iliyotulia hata ukitembea. A16 inaishia 1080p, ambayo ina vitone vichache kuliko 4K, na mkono ukitikisika, video nayo inatikisika. Kama wateja wako wangekuwa wanadai video ya kupakia lori usiku, ushauri wangu ungebadilika.

Lakini umesema unapiga picha za viazi, asubuhi, shambani. Kwa mwanga wa mchana A16 inatosha kabisa, na WhatsApp huibana picha kabla ya kuituma, kwa hiyo sehemu kubwa ya ubora wa ziada huishia njiani usipochagua kutuma kwa HD. Mnunuzi wa viazi anataka kuona ukubwa, ngozi na macho ya kiazi. Mimina viazi kadhaa juu ya gunia tupu, kata kimoja katikati, weka kiberiti pembeni ili aliye mbali apate kipimo cha ukubwa, geuza mgongo wako kwenye jua lakini usikitie kivuli unachopiga, na ufute lenzi kwa kitambaa safi, maana simu iliyokaa mfuko wa koti asubuhi ya ukungu hupata mvuke kwenye kioo cha kamera. Picha ya namna hiyo kutoka A16 itakuuzia mzigo vizuri kuliko picha ya haraka kutoka iPhone yoyote.

Rafiki zako wanaosema Samsung za bei hiyo huwa nzito hawajakosea, ila wameitaja dalili bila sababu. A16 huuzwa ikiwa na RAM ya GB 4, 6 au 8. Ile ya GB 4 hubanwa mapema, kwa sababu Android ya sasa pamoja na WhatsApp, kivinjari na kamera hujaza nafasi hiyo, na kila unapohama kutoka programu moja kwenda nyingine simu hulazimika kuifungua upya ile ya kwanza. Sharti langu la GB 6 linatoka hapo. Angalia pia usiuziwe hesabu ya "4 jumlisha 4": hizo nne za nyongeza zimekopwa kutoka kwenye hifadhi ya simu, ambayo kasi yake ni ndogo sana kuliko ya RAM halisi. Sababu ya pili ya uzito ni hifadhi kujaa, na hilo humpata hata mwenye iPhone. Nenda kwenye mipangilio ya WhatsApp uzime upakuaji wa video unaojiendesha wenyewe, la sivyo makundi ya harusi na vikoba yataijaza simu yako kabla ya msimu kwisha.

Kwa upande wa hifadhi, iPhone ya GB 64 ni ndogo kwa kazi yako, kwani haipokei memori kadi na mfumo wenyewe huchukua sehemu kubwa. A16 hupokea memori kadi, ila tundu lake ni lilelile la laini ya pili, hivyo ukiwa na laini mbili kadi haitakuwa na mahali pa kukaa. GB 128 zilizomo ndani ndizo utakazozitegemea, nazo zinatosha.

Hapa ndipo linapokuja suala la laini, na sikuona kama shemeji yako alilitaja. iPhone 11 nyingi zina nafasi ya laini moja ya kawaida, na laini ya pili lazima iwe eSIM, ambayo haina kadi na husajiliwa na mtandao wako moja kwa moja ndani ya simu. Zipo zilizotengenezwa kwa ajili ya soko la China na Hong Kong ambazo hupokea kadi mbili, lakini uhakikishe kwa macho kwa kuvuta kitrei cha laini. Ikiwa ni ya laini moja, itakubidi kwenda kwenye duka la mtandao wako kuulizia eSIM na kuhamishiwa namba, na kila ukibadilisha simu utarudia safari hiyo. A16 za laini mbili zinapatikana kwa kawaida, lakini nayo ivute kitrei kabla ya kulipa. Huduma za fedha zenyewe hazibagui simu, kwani menyu ya *150*00# ya M-Pesa na ya *150*60# ya Airtel Money hufanya kazi hata kwenye kitochi. Habari ya 5G iache kabisa, kwa kuwa iPhone 11 haina, na A16 ya kawaida ya 4G nayo haina.

Kuhusu maji, iPhone 11 ilipotoka kiwandani ilikuwa na kiwango cha IP68, yaani kukaa ndani ya maji ya kina cha mita 2 kwa dakika 30. A16 ina IP54, ambayo ni kinga ya vumbi na matone ya mvua tu. Kwa maandishi iPhone inashinda mbali. Hata hivyo gundi inayozuia maji hulegea kadiri miaka inavyokwenda, na simu ikishafunguliwa na fundi kubadilishwa kioo au betri, kinga hiyo huwa haipo tena mpaka mtu aifunge upya kwa gundi sahihi. Mimi nisingeitumbukiza majini iPhone ya mtumba hata kwa kujaribu, na simu zote mbili ningezibeba ndani ya mfuko wa plastiki siku ya mvua.

Muda wa kupokea programu mpya nao una uzito kwa mtu ambaye fedha zake zinapita kwenye simu, kwa sababu programu hizo huziba matundu ambayo matapeli huyatumia. iPhone 11 ilipokea iOS 26 mwaka 2025, lakini mwaka huohuo iPhone XR na XS, zilizoitangulia kwa mwaka mmoja tu, ziliachwa, hivyo iPhone 11 sasa iko mwisho wa foleni. Samsung imeahidi A16 matoleo mapya ya Android mara sita na masasisho ya usalama kwa miaka sita tangu simu itoke. Hoja ya kuiuza baadaye kwa bei nzuri huanguka hapo pia: iPhone hushikilia bei wakati bado inasasishwa, na ikishaachwa, bei hushuka haraka.

Kama baada ya haya yote bado moyo wako uko kwenye iPhone, au kazi yako inaelekea kwenye video, basi nenda Mwanjelwa mchana, ukiwa na laini yako, na uwe na muda. Bonyeza *#06# upate IMEI, namba ya kipekee ya kuitambulisha simu, ilinganishe na ile iliyo kwenye mipangilio na kwenye boksi, kisha itume kwa ujumbe kwenda 15090, namba ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, ya kuhakiki simu, ambayo Watanzania wengi waliizoea mwaka 2016 simu bandia zilipozimwa. Mwambie muuzaji aifute simu yote mbele yako na uiwashe upya kama mpya. Ikidai anwani ya barua pepe na nenosiri la mtu mwingine, imefungwa kwa akaunti ya mwenyewe, na usimpe mtu hata senti kwa ahadi kwamba ataifungua kesho. Ukikuta kipande chembamba kimebandikwa juu ya laini, simu hiyo imefungwa na mtandao wa nje, nayo inaweza kukataa laini yako siku yoyote. Jaribu kufungua kwa uso, kwa sababu iPhone 11 ambayo kifaa chake cha kutambua uso kimekufa ni vigumu kuitengeneza. Mwisho, rekodi video kwa dakika kumi huku ukiitazama asilimia ya chaji, na ikiporomoka kwa mikupuo, irudishe.

Ukaguzi huo ni bora ufanywe na fundi wa simu unayemwamini, asiyehusiana na muuzaji, na umlipe ujira wake hata akikuambia usinunue. Nenda kwa fundi ana kwa ana, bila kuchelewa, ikiwa kioo cha simu yoyote kitaanza kuinuka pembeni au mgongo ukatuna: hiyo ni betri iliyovimba, inayoweza kushika moto, hivyo izime, usiichaji, usiibonyeze wala kuitoboa. Na kabla hujaachia fedha kwa simu yoyote kati ya hizi, muulize mtu wa kijijini kwako anayetumia toleo hilohilo kama linashika mtandao vizuri pale unaponunulia viazi, maana milima ya huko huukata mtandao kwa namna ambayo hakuna duka la Mbeya linaloweza kukuonyesha.

Ukichukua A16, tofauti ya bei inaweza kukuongezea RAM, kisha ikakununulia pawabenki nzuri na kava lenye kingo zilizoinuka. Dai risiti ya EFD na waranti iliyoandikwa IMEI ya simu yako, uzipige picha, na picha hizo umtumie shemeji yako akutunzie.